Chianti Classico na Rioja: mwongozo kamili wa kuonja mivinyo miwili ya Ulaya kwa pamoja

Ukiuliza tofauti ya Chianti Classico na Rioja, mara nyingi utajibiwa kwa zabibu: ya Italia ni Sangiovese, ya Hispania ni Tempranillo. Jibu ni sahihi, ila halikusaidii ukiwa na glasi mkononi. Zote mbili ni nyekundu zisizo na uzito wa kutisha, zote hunukia matunda mekundu, na aliyeanza kunywa mvinyo juzi anaweza kuzichanganya bila kuona aibu. Kinachozitenganisha haraka ni mambo mawili: uchachu na pipa. Chianti Classico imesimama juu ya uchachu wake. Rioja ya kitamaduni imelelewa kwenye mapipa madogo mpaka mbao zimekuwa sehemu ya ladha. Ukishayashika hayo mawili, mengine yanafuata yenyewe.

Unachohitaji ni chupa mbili, glasi mbili zinazofanana kwa kila mtu, friji, na jioni moja isiyo na haraka.

Hatua ya 1: Soma lebo, nunua chupa zinazolingana

Ulinganisho mwingi huharibika dukani. Mtu anachukua Chianti ya bei ya chini kabisa, anaishindanisha na Rioja Gran Reserva, halafu anatangaza kwamba Wahispania wanajua mvinyo kuliko Waitalia. Hapo hakulinganisha nchi wala zabibu, alilinganisha bei na umri.

Tuanze na Toscana, mkoa wa katikati ya Italia. Chianti Classico hutoka kwenye vilima vilivyo kati ya Firenze na Siena. Mipaka ya eneo la Chianti iliwekwa mwaka 1716 kwa amri ya Cosimo III de' Medici. Mwaka 1932 serikali ya Italia ilipanua eneo hilo hadi sehemu za jirani, na lile la asili likatofautishwa kwa neno Classico. Jambo hili linagusa mfuko wako moja kwa moja: chupa iliyoandikwa Chianti tu inatoka eneo kubwa zaidi lenye masharti mepesi, ambako Sangiovese asilimia 70 inatosha. Classico inadai asilimia 80 au zaidi, na tangu mavuno ya 2006 hairuhusiwi kuchanganywa na zabibu nyeupe. Alama ya kutafuta ni jogoo mweusi. Wenyewe husimulia kwamba Firenze na Siena walipochoka kupigania mpaka, walikubaliana kila mji utoe mpanda farasi aondoke jogoo akiwika, na watakapokutana ndipo mpaka uwe. Watu wa Firenze wakamnyima chakula jogoo wao mweusi, naye kwa njaa akawika usiku wa manane. Siena wakaambulia kipande kidogo. Ukweli wa kisa hiki ni wao wenyewe wanaujua, lakini jogoo yupo kwenye kila chupa halali.

Ngazi zake ni tatu. Ya kawaida, inayoitwa Annata, hukaa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa. Riserva hukaa miezi 24, mitatu kati yake ikiwa ndani ya chupa. Gran Selezione, ngazi iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, hukaa miezi 30 na zabibu zake lazima ziwe za shamba la mzalishaji mwenyewe.

Rioja iko kaskazini mwa Hispania, kwenye bonde la mto Ebro, kuzunguka miji ya Haro na Logroño. Ni eneo kubwa: mashamba yake yanazidi hekta 60,000, wakati ya Chianti Classico ni kama 7,000. Huku sheria inahesabu miaka na pia inahesabu pipa, na pipa lenyewe limetajwa ukubwa, lita 225. Crianza hukaa miaka miwili, angalau mmoja ndani ya pipa. Reserva mitatu, angalau mmoja kwenye pipa. Gran Reserva mitano, miwili kwenye pipa na miwili kwenye chupa. Geuza chupa utazame kibandiko kidogo cha nyuma: kijani ni mvinyo usiofungwa na masharti hayo ya pipa, chekundu ni Crianza, rangi ya damu ya mzee ni Reserva, buluu ni Gran Reserva. Ni mfumo wa lebo ulio rahisi kuliko karibu wote wa Ulaya, na ningependa wengine wauige.

Jozi ninayopendekeza kwa mara ya kwanza ni Chianti Classico Annata na Rioja Crianza, za mavuno ya mwaka mmoja au yaliyopishana mwaka mmoja tu. Tofauti hapo ziko wazi na bei haiumizi. Riserva na Reserva ziache kwa raundi ya pili.

Kuna mtego mmoja. Asilimia 20 iliyobaki ndani ya Chianti Classico Annata inaweza kuwa zabibu nyingine kama Merlot au Cabernet Sauvignon, na mzalishaji anaweza kutumia mapipa madogo mapya ya Ufaransa. Vilevile Rioja nyingi za sasa zimeacha mbao za Marekani na kuhamia za Ufaransa. Ukikutanisha chupa mbili za aina hiyo, utakuwa unalinganisha mitindo ya kisasa inayofanana kila mahali duniani. Kwa hiyo soma nyuma ya chupa, au muulize muuzaji. Kwa upande wa Toscana, mzalishaji Fèlsina wa Castelnuovo Berardenga hutumia Sangiovese tupu. Kwa Rioja, nyumba kongwe za mvinyo zilizojipanga jirani na stesheni ya reli ya Haro, kama López de Heredia iliyoanza 1877, CVNE ya 1879 na La Rioja Alta ya 1890, ndizo shule ya mtindo wa zamani.

Kabla ya kulipa, kagua chupa. Katika miji yetu ya joto hili ni la lazima. Ikiwa kizibo kimejisukuma juu kikainua kifuniko, ikiwa kuna michirizi ya mvinyo uliokauka shingoni, au chupa ilisimama dirishani inapigwa na jua, iache hapo hapo. Mvinyo uliopikwa na joto hunuka kama jamu iliyoungua, na hakuna namna ya kuuponya.

Hatua ya 2: Shusha joto

Umeambiwa mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha mawe, Ulaya, enzi ambazo hapakuwa na kupasha nyumba moto. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari ni nyuzi joto 30 au zaidi, na katika joto hilo kilevi kinapanda puani, matunda yanapotea, na Rioja inakuwa nzito kama dawa ya kikohozi.

Lengo ni nyuzi 16 hadi 18. Weka chupa zote mbili kwenye friji kwa saa moja hadi saa moja na nusu, au zitumbukize kwenye ndoo yenye maji na barafu kwa dakika 10 hadi 15. Maji ni muhimu. Barafu peke yake haigusi chupa vizuri. Chupa zote ziingie pamoja na zitoke pamoja, maana tofauti ya nyuzi tatu tu inatosha kukudanganya: mvinyo uliopoa zaidi huonekana mchachu na mkakasi kuliko ulivyo. Ikipoa kupita kiasi, usihangaike. Kiganja cha mkono kikishika glasi, baada ya dakika chache imerudi.

Hatua ya 3: Fungua, nusa, acha ipumue

Ukishachomoa kizibo, mimina kidogo kila chupa na unuse kabla ya kitu kingine. Unatafuta harufu ya boksi lililolowa au gazeti la zamani lililokaa kwenye unyevu. Ukiipata, kizibo kimeiharibu chupa kwa kemikali iitwayo TCA. Haitakudhuru, lakini matunda yote yamefunikwa, na muuzaji muungwana atakubadilishia.

Kama ziko salama, zimimine na uziache dakika 20. Chianti Classico changa inanufaika zaidi na hewa kuliko Rioja, ambayo imeshapata ya kwake ndani ya pipa.

Mimina mililita 50 tu kila glasi, chini ya theluthi. Chupa moja ina glasi tano za kawaida, na ukizimaliza mbili katika watu wawili, hakuna atakayekumbuka alichoonja. Wataalamu hutema kwenye jagi. Ukiendesha gari, fanya hivyo, au bora zaidi, usiendeshe.

Hatua ya 4: Tazama

Hapa usikae sana. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Sangiovese changa ni nyekundu ya kung'aa, nyepesi kiasi cha kuona maandishi kupitia ukingoni. Rioja Crianza huwa na rangi ya ndani zaidi kidogo. Kwenye Reserva na Gran Reserva ukingo umeanza kugeuka rangi ya tofali, kwa sababu hewa inayopenya mbao hubadili rangi mapema. Watu husema machozi yanayoteremka kwenye glasi ni dalili ya ubora. Si kweli, yanaonyesha kilevi.

Hatua ya 5: Nusa kwa mpangilio

Nusa mara mbili: kwanza glasi ikiwa imetulia, kisha baada ya kuizungusha. Halafu nenda glasi nyingine, urudi. Pua huchoka haraka. Ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe sekunde chache kisha endelea.

Ndani ya Chianti Classico tafuta cheri, tena ile chachu. Chini yake kuna majani: oregano kavu, majani ya chai, wakati mwingine jani la mnyanya lililosagwa kati ya vidole. Kuna vumbi pia, kama udongo mkavu uliopata manyunyu ya kwanza. Mbao huzipati kwa urahisi, na sababu yake ni mapipa. Wazalishaji wengi wa jadi hutumia mapipa makubwa ya mwaloni kutoka Slavonia, huko Kroatia, yanayoingia maelfu ya lita na kutumika miaka mingi. Mvinyo mwingi, mbao kidogo za kuugusa: pipa linaupa hewa kidogo, haliupi ladha.

Sasa vuta Rioja. Tunda lipo, stroberi au plamu lililoanza kukauka, lakini kitu kinachokujia mbele ni vanila, na nyuma yake nazi. Wengine wanapata bizari tamu, tumbaku, au ngozi ya kiatu kipya. Tempranillo peke yake haitoi harufu ya nazi. Hiyo ni kazi ya mwaloni mweupe wa Marekani. Mbao zake zimefumana kiasi kwamba zinaweza kupasuliwa kwa msumeno bila pipa kuvuja, tofauti na mwaloni wa Ufaransa ambao lazima uchanwe kufuata nyuzi zake. Mwaloni huo wa Marekani una laktoni kwa wingi, kemikali inayotoa ile harufu ya nazi na bizari. Pipa dogo la lita 225 linahakikisha kila tone limegusana nayo.

Mtindo huu una asili yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mizabibu ya Ufaransa ilipoangamizwa na ukungu na baadaye na mdudu filoksera, wafanyabiashara wa Bordeaux, mji wa mvinyo wa Ufaransa, walivuka milima hadi Hispania kutafuta mvinyo wa kununua. Haro tayari ilikuwa na reli, ndiyo maana nyumba zile zikajengwa kando ya stesheni. Ufundi wa Bordeaux wa kulaza mvinyo kwenye pipa dogo ukashika mizizi. Mbao za Marekani zilipatikana kupitia biashara ya bahari, na Wahispania wakalaza mvinyo humo muda mrefu kuliko hata walimu wao. Filoksera ilipofika Rioja yenyewe mwaka 1899, ladha hiyo ilikuwa imeshakuwa ya kwao.

Hatua ya 6: Onja, na upime vitu vitatu

Chukua funda la wastani, lizungushe mdomoni kwa sekunde tano, kisha meza au tema. Usijaribu kutambua kila kitu kwa mara moja. Funda la kwanza pima uchachu, la pili ukakasi, la tatu uzito.

Uchachu hupimwa kwa mate. Ukishameza, inamisha kichwa kidogo, mdomo ukiwa umefungwa, usikilize pembeni mwa ulimi chini ya taya. Kwa Chianti Classico mate yatajaa mara moja na yataendelea kuja. Kwa Rioja yatakuja taratibu na kukoma mapema. Hii ndiyo tofauti ya kuaminika kuliko zote, na ukifumbwa macho ndiyo ya kuitegemea. Sangiovese huiva kwa kuchelewa, kwenye vilima ambavyo baadhi yake hufika mita 500 na zaidi, penye usiku wa baridi unaohifadhi uchachu. Tempranillo huiva mapema na kwa asili haina uchachu mwingi. Ndiyo sababu Rioja nyingi huongezewa zabibu za Graciano kidogo ili kuinyanyua, na za Garnacha ili kuipa unono.

Ukakasi hutoka kwenye tanini, kemikali zinazokausha mdomo, za maganda na kokwa za zabibu, na katika Rioja, kwenye mbao pia. Sugua ulimi kwenye fizi za juu. Sangiovese inakwaruza kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni majani yakiwa ndani, na unausikia mbele, kwenye fizi na midomo. Tanini za Rioja zimeshalainishwa na pipa. Zipo, lakini zimelala, na unazisikia zaidi katikati ya ulimi.

Uzito ni namna mvinyo unavyojaza mdomo. Rioja ni mnene na mviringo. Vanila inakupa hisia ya utamu ingawa sukari karibu haipo, na hapo wengi hudanganyika wakadhani mvinyo una sukari. Chianti Classico ni nyembamba, imenyooka, na mwisho wake una uchungu mdogo wa kokwa. Anayeionja kavu kavu, bila chakula, mara nyingi hukunja uso. Asiihukumu bado.

Andika maneno matatu kwa kila glasi, maneno yako, si ya lebo. Kama harufu imekukumbusha zambarau au karafuu, andika zambarau au karafuu. Mtu aliyekulia Zanzibar ana kamusi ya harufu za viungo ambayo waonjaji wengi wa Ulaya wangeitamani, hana sababu ya kuazima maneno ya matunda asiyowahi kuyala.

Hatua ya 7: Leta chakula

Hapa matokeo hugeuka. Hadi sasa, wengi mezani watakuwa wanaisifu Rioja, kwa sababu ni laini na inazungumza waziwazi. Weka sahani.

Kwao, Chianti Classico hunywewa na mchuzi wa nyanya, jibini la kondoo la pecorino, na bistecca alla fiorentina, kipande kinene cha nyama ya ng'ombe chenye mfupa kilichochomwa nje na kuachwa chekundu ndani. Rioja hunywewa na mbavu za mwanakondoo zilizochomwa juu ya matawi makavu ya mizabibu. Lakini jaribio lililo karibu nawe ni nyama choma ya mbuzi na kachumbari. Kula nyama tupu kwanza, onja zote mbili: mafuta na chumvi vinatuliza tanini, na zote zinapendeza, Rioja ikiongoza. Kisha kula kachumbari yenye nyanya na ndimu, uonje tena. Rioja ghafla inakuwa bapa, mbao zinabaki peke yake. Chianti Classico inasimama imara, kwa sababu uchachu wake unalingana na wa nyanya, na ile cheri iliyokuwa kali sasa imekuwa tamu. Ndiyo sababu mimi huifungua Chianti Classico chakula kikiwa tayari, na Rioja ninaiacha kwa mazungumzo ya baadaye, au kwa pilau, ambayo mdalasini na hiliki zake zinaelewana na vanila ya pipa.

Pilipili iweke mbali. Kilevi na tanini huzidisha moto wake, na hakuna kati ya hizi mbili itakayokuokoa.

Hatua ya 8: Jaribu bila kuona

Mwombe mtu amimine glasi tatu nyuma yako: mbili za mvinyo mmoja, moja ya mwingine. Kazi yako ni kuitambua iliyo peke yake. Ni ngumu kuliko kubahatisha kati ya mbili, maana hapa huwezi kusema "moja itakuwa hii". Anza na mate, kisha fizi, na pua iwe ya mwisho. Pua ndiyo inayopenda kukubaliana na ulichotarajia. Ukifaulu, rudia kwa Riserva na Reserva, ambapo Chianti Classico nayo imekomaa na mstari kati yao umekuwa mwembamba.

Hatua ya 9: Kilichobaki

Rudisha vizibo, weka chupa zote mbili kwenye friji zikiwa zimesimama, na uonje tena kesho yake baada ya kuziacha nje nusu saa. Chianti Classico changa mara nyingi huwa bora siku ya pili, tanini zikiwa zimetulia. Crianza hubaki vilevile. Gran Reserva yenye miaka mingi usiithubutu kuilaza, imalize siku hiyo hiyo. Baada ya siku tatu zote hupelekwa jikoni: Impruneta, kusini mwa Firenze, hupika peposo, nyama ya muundi wa ng'ombe, vitunguu saumu, pilipili manga nyingi na Chianti ya kuifunika, moto mdogo kwa saa tatu au zaidi mpaka nyama inakatika kwa kijiko. Wahispania wa kaskazini nao huchanganya mvinyo mwekundu na soda ya kola, nusu kwa nusu, juu ya barafu, wakauita kalimotxo. Kwa Crianza iliyobaki vidole viwili sitakukataza.